Mwenzetu Anaposahau: Si Uongo, Wala Si Uchawi

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaobaki nyumbani hapa Bunia, leo tunataka kuongea juu ya ugonjwa ambao kwenye chantier hauitwi ugonjwa. Unaitwa uongo, unaitwa wizi, ao unaitwa kulogwa.

Sisi wa sendika tuliuona kwa macho yetu, na hatukuutambua. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mchimbaji wa miaka mingi upande wa Mongbwalu. Siku moja asubuhi, PDG wa shimo alimupatia gramu mbili za zahabu apeleke kwa mnunuzi. Saa sita alipoulizwa, akajibu kwamba feza amekwisha kumupa mkubwa wa timu. Mkubwa wa timu siku ile hakuwa hata kazini, alikuwa kwenye matanga Nizi. Wakamuuliza tena, akaleta hadithi ingine, bila haya, macho yanawaangalia sawasawa. Vijana wakataka kumupiga. Jioni zahabu ikaonekana ndani ya mfuko wa koti yake, yote, hakuna chembe iliyopungua.

Hata hivyo alifukuzwa, na sisi hatukumutetea. Tulisema: ni lotoko hiyo, amejitakia. Bibi yake alimupeleka kwenye maombi, kisha kwa mtu wa dawa za kienyeji. Majuma mengi yalipita ndipo wakafika lopitali. Munganga aliuliza maneno mawili tu: huyu baba anakunywa nini, na anakula nini?

Ugonjwa wenyewe una majina ya wanganga wawili. Mwaka 1881 Mjerumani Carl Wernicke alieleza mwanzo wake. Kuanzia 1887 Mrusi Sergei Korsakoff alieleza kile kinachobaki nyuma: mtu anaongea vizuri, anakumbuka mambo ya ujana wake, lakini jambo la leo asubuhi halishiki kichwani. Pale pasipo na kumbukumbu, akili yake inajaza hadithi. Yeye mwenyewe anaiamini. Kwa hiyo huwezi kusema anadanganya, maana mwongo anajua ukweli na anauficha.

Kinachokosekana ni vitamini B1, ile inayoitwa tiamini. Mwili unaitumia kugeuza chakula kuwa nguvu, na ubongo unahitaji nguvu hiyo bila kupumzika. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1 na kitu kidogo kila siku. Ni kidogo sana, lakini akiba ya mwili nayo ni ndogo: kama hakuna ingine inayoingia, inaisha kwa majuma mawili ao matatu.

Sasa tuangalie sahani yetu. Bugali ya muhogo, kesho bugali ya muhogo, siku ya feza wali mweupe. Tumbo linajaa, lakini unga wa muhogo na mchele uliokobolewa hadi ukawa mweupe vina B1 kidogo mno. Jioni chupa inazunguka. Pombe kali inazuia matumbo kuvuta B1, inaharibu maini ambamo akiba inawekwa, na mwenye kunywa sana anasahau kula. Ni hasara mara tatu.

Lakini tusiseme ni ugonjwa wa walevi peke yao. Wakati wa vita kuu ya pili, wafungwa wa vita kule Changi, Singapore, waliishi kwa mchele mweupe, bila pombe. Wanganga waliokuwa wamefungwa pamoja nao waliandika mwaka 1947 habari za wagonjwa 52 wa namna hii. Na karibu na sisi, kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa Uganda na Burundi waliokuwa Mogadishu walivimba miguu, na wanne wakakufa. Ilikuwa beriberi, yaani ukosefu uleule wa B1 ukipiga moyo na miguu. Wagonjwa walipopewa tiamini, walipata nafuu. Walikuwa askari wenye nguvu, wakila posho ya kambi kila siku. Kushiba ni kitu kimoja, kulishwa vizuri ni kingine.

Mama, ndugu wa timu, angalieni alama tatu: mtu anachanganyikiwa, macho yanachezacheza ao anaona kitu kimoja kama viwili, anatembea akiyumba hata siku hajakunywa. Si lazima zote zije pamoja. Hata mama mwenye mimba anayetapika majuma mengi anaweza kupatwa.

Msingoje. Mgonjwa apelekwe lopitali siku ileile, kwa sababu mwanzoni sindano za B1 zinaweza kumurudisha. Akichelewa, anaweza kufa, ao kumbukumbu isirudi tena. Mwambieni munganga ukweli wote juu ya pombe na chakula. Serumu ya sukari bila B1 inaweza kuzidisha ugonjwa, maana mwili unamaliza B1 iliyobaki kwa kuunguza ile sukari. Munganga akijua, ataweka B1 mapema. Na yeye ndiye atakayepima kama ni malaria, pigo la kichwa, ao mercure ya kushika zahabu, kwani hizo pia zinaharibu akili.

Mwenye kunywa kila siku anayetaka kuacha, asiache ghafla peke yake. Anaweza kushikwa na kifafa. Apite kwanza kwa munganga.

Kwa chungu cha kila siku, hatuombi nyama. Maharagi, karanga, sombe, samaki wadogo: ongezeni kimoja ao viwili juu ya bugali. Na ninyi ma-PDG mnaolisha timu, gunia la maharagi ni bei ndogo kuliko kupoteza mchimbaji anayejua shimo lenu. Sendika itaendelea kuwauliza jambo hilo. Tena tunaomba hivi: mtu akianza kusahau na kuleta hadithi zisizoshikamana, apelekwe kupimwa kwanza, mbele ya kuitwa mwizi.

Mwenzetu yule alipata sindano. Macho yakatulia, miguu ikapata nguvu. Lakini tukimutembelea, anatuuliza kama shimo limefika kwenye jiwe. Tunamujibu, anafurahi. Kabla chai haijapoa, anatuuliza tena. Tunamujibu tena, kwa upole, kwa sababu siku ile ya gramu mbili ilikuwa juu yetu kumupeleka lopitali, na sisi tulimuacha aende zake.