Dhahabu ya Kilwa na mitaa ya Lisbon

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipokea barua ya msikilizaji wetu mmoja aliyeuliza swali fupi: majengo ya zamani yana faida gani kwa mtu ambaye hana pa kulala? Nimeisoma barua hiyo mara kadhaa. Ni swali la haki, na halistahili kujibiwa kwa maneno matamu. Leo nitajaribu kulijibu kwa kukutembeza katika mji mmoja wa Ulaya, nao ni Lisbon, makao makuu ya Ureno. Nimeuchagua mji huo kwa sababu mbili. Kwanza, kila mtaa wake umebeba alama za zama zake, na kutoka mtaa mmoja hadi mwingine unavuka karne nzima. Pili, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumo ndani ya mji huo, ingawa wengi wetu hatujui.

Lisbon imekaa kwenye vilima kando ya Mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapomwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki. Juu ya kilima kimojawapo pana ngome ya São Jorge, na chini ya ngome hiyo, kuteremka hadi mtoni, ndipo ulipo mtaa wa Alfama. Jina hilo si la Kireno asilia. Limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji ya moto. Waislamu waliutawala mji huo tangu karne ya 8 hadi mwaka 1147, Mfalme Afonso Henriques alipouteka baada ya kuuzingira kwa miezi kadhaa, akisaidiwa na askari wa Vita vya Msalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu.

Watawala waliondoka lakini ramani yao ilibaki. Alfama hadi leo ni mtaa wa vichochoro vyembamba, ngazi za mawe na kona za ghafla, ambamo gari halipiti. Mtu aliyezoea vichochoro vya Unguja au Lamu hatahitaji kuelezwa sababu yake: uchochoro mwembamba huleta kivuli mchana kutwa, na adui akiingia hajui atokee wapi. Kanisa kuu la mji lilianza kujengwa mara baada ya ushindi huo, mahali palipokuwa na msikiti. Waislamu walioshindwa walitengewa eneo nje ya ukuta, upande wa pili wa kilima. Eneo hilo likaitwa Mouraria, yaani mtaa wa Wamoro. Waliishi humo kwa zaidi ya miaka 300, mpaka mwaka 1496 Mfalme Manuel I alipotoa amri kwamba Wayahudi na Waislamu wabatizwe au waondoke nchini. Wenyewe hawapo tena, ila jina la mtaa limekataa kuondoka.

Sasa tushuke tufuate mto kuelekea baharini mpaka Belém. Hapa ndipo merikebu za Vasco da Gama zilipong'oa nanga mwaka 1497, safari iliyomfikisha Mombasa na Malindi mwaka uliofuata, kisha Bara Hindi. Palepale Mfalme Manuel alianza kujenga monasteri kubwa ya Jerónimos, mwanzoni mwa karne ya 16. Ni jengo la chokaa jeupe, refu, lililochongwa kwa ustadi ambao mgeni hukosa maneno ya kuuelezea. Nguzo zake zimefumwa kwa kamba za merikebu zilizochongwa katika jiwe, pamoja na matawi na ala za mabaharia. Da Gama mwenyewe amezikwa humo ndani.

Lakini mwandishi wa habari hufundishwa kuuliza: nani aliyelipa? Sehemu kubwa ya gharama ilitokana na kodi ya sehemu 1 kwa kila 20 ya biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Pilipili manga, mdalasini na dhahabu ndivyo vilivyolipa mafundi na mawe.

Kuna ushahidi mwingine ulio wazi zaidi. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Sanaa za Kale, mjini humohumo, kuna monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi Takatifu ili waumini waiabudu. Ni ya dhahabu yenye nakshi za rangi, na sanamu ndogo za mitume waliopiga magoti. Ilitengenezwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel, na kazi ilikamilika mwaka 1506. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Siyo mimi ninayesema hivyo. Maandishi yaliyozungushwa kwenye kitako chake ndiyo yanayotaja kodi ya Kilwa. Mwaka 1502, da Gama katika safari yake ya pili alitia nanga mbele ya Kilwa na kumtishia mtawala wake, Amir Ibrahim, kwamba asipotoa kodi mji utateketezwa. Dhahabu ikatolewa. Mwaka 1505 Wareno walirudi na kundi kubwa la merikebu chini ya Francisco de Almeida, wakaiteka na kuipora Kilwa hiyohiyo iliyokwisha kulipa, kisha wakaichoma Mombasa.

Kwa hiyo anayetaka kuiona Kilwa ya wakati huo ana mahali pawili pa kwenda. Aende Kilwa Kisiwani akayaone magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa. Kisha aende Lisbon akaione dhahabu. Na kwa kuwa hesabu hazina upande mmoja, tukumbuke nasi tulibaki na kitu: meza tunayolia chakula, kopo tunalonywea, bendera tunayoipandisha, na hata gereza, neno lililotokana na lile la Kireno lenye maana ya kanisa.

Si mbali na makumbusho hayo kuna mtaa uitwao Madragoa. Zamani sehemu hiyo iliitwa Mocambo, na wengi wa wakazi wake walikuwa Waafrika, watumwa na walio huru. Katikati ya karne ya 16, kati ya kila wakazi 10 wa Lisbon, mmoja hivi alikuwa mtumwa. Barabara moja ya karibu bado inaitwa Rua do Poço dos Negros, yaani Barabara ya Shimo la Watu Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliuagiza mji uchimbe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu zilikuwa zikiachwa ovyo. Ni mfalme yuleyule wa monasteri na monstransi. Jiwe lililochongwa linapigwa picha na wageni kila siku, lakini kibao cha barabara wengi hukipita bila kukisoma.

Ndugu msikilizaji, sasa tufike siku iliyoubadilisha mji huo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Saa 3:40 hivi asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa ikiwaka, ardhi ilitetemeka. Waliosalimika walikimbilia mtoni, wakidhani penye uwazi ndipo penye usalama. Maji ya mto yalirudi nyuma, kisha yakaja mawimbi makubwa kutoka baharini yakawazoa. Mishumaa na majiko yaliyoanguka yakawasha moto uliodumu siku kadhaa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Jumba la mfalme kando ya mto liliteketea pamoja na maktaba yake, na jumba la opera lililofunguliwa mwaka huohuo likawa kifusi. Mfalme José I alinusurika kwa kuwa alikuwa Belém. Tangu siku hiyo aliogopa kulala chini ya dari ya mawe, akajengewa makao ya mbao kilimani Ajuda, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1777.

Aliyeshika usukani alikuwa waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markizi wa Pombal. Hakuwa mtu mpole. Waporaji walinyongwa hadharani na wapinzani wake walikiona cha moto. Lakini alifanya jambo ambalo watawala wengi hawakulifanya kabla yake: aliuliza maswali. Mapadre wa parokia nchi nzima walipelekewa orodha ya maswali. Tetemeko lilianza saa ngapi? Lilidumu kwa muda gani? Bahari ilipanda au ilishuka? Nyumba ngapi zimeanguka, na wamekufa wangapi? Majibu yaliyohifadhiwa yanatumiwa na wataalamu wa matetemeko hadi leo.

Mhandisi mkuu, Manuel da Maia, alikuwa mzee wa karibu miaka 80. Alimwandikia waziri ripoti yenye njia kadhaa: kuujenga mji kama ulivyokuwa, kuujenga uleule kwa kupanua barabara, kupunguza urefu wa nyumba, kusafisha eneo lote la bondeni na kuchora upya, au kuhama kabisa kwenda upande wa Belém. Serikali ilichagua kuchora upya, na kujenga ovyo kabla ya michoro kukamilika kukapigwa marufuku. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtaa wa Baixa, uliochorwa na Eugénio dos Santos na kuendelezwa na Carlos Mardel.

Anayetoka Alfama na kuingia Baixa huona kama amevuka mpaka wa nchi. Barabara zimenyooka na zimepishana kwa pembe mraba, na kila kundi la mafundi lilipewa yake: masonara wa dhahabu, wa fedha, washona viatu, watengeneza hatamu. Majina hayo yapo bado. Nyumba zinafanana kwa urefu, kwa madirisha na kwa milango, kwa sababu vifaa vilitengenezwa kwa vipimo vya aina moja ili kazi iende haraka na kwa gharama nafuu. Kati ya nyumba na nyumba pana ukuta unaopanda kupita paa, ili moto usiruke.

La maana zaidi halionekani. Ndani ya kuta kuna fremu za mbao, nguzo na boriti zilizofungwa kwa mishazari yenye umbo la herufi X, kisha nafasi zikajazwa mawe na chokaa. Wareno huiita gaiola, yaani tundu, kama lile la kufugia ndege. Ardhi ikitetemeka, mbao hujipinda bila kuvunjika. Plasta inaweza kuanguka lakini jengo likabaki limesimama. Inaelezwa kwamba mfano wake ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuuzunguka. Chini ya msingi, kwa kuwa ardhi ni ya majimaji, walipigilia magogo ya misonobari. Ni miongoni mwa majengo ya kwanza ya Ulaya kujengwa kwa makusudi ya kuhimili tetemeko.

Usemi wetu wa usipoziba ufa utajenga ukuta unaifaa sana Baixa. Baada ya miaka mingi ya utulivu, watu walisahau tundu lilikuwa la kazi gani. Mwenye duka akataka nafasi kubwa, akaondoa ukuta wa ndani. Mwenye nyumba akataka bomba la maji, akakata boriti. Wengine walibomoa kila kitu ndani wakaacha uso wa jengo tu, mpita njia akadhani jengo la kale limehifadhiwa. Wahandisi wa Ureno wamelionya jambo hilo mara nyingi, kwa maana tetemeko halitazami uso wa nyumba.

Tarehe 25 Agosti 1988 moto uliteketeza sehemu ya mtaa jirani wa Chiado, pamoja na maduka yake makubwa maarufu. Kazi ya kuujenga upya alipewa Álvaro Siza Vieira. Wapo waliotarajia minara ya vioo. Yeye alirudisha sura ileile ya Chiado, akafungua nyua za ndani na njia za kupita. Hatua chache kutoka hapo kanisa la Carmo limesimama bila paa tangu 1755, ili asahauye akumbushwe.

Sasa nirudi kwa mwandishi wa barua yangu, kwa maana swali lake wanaliuliza hata wakazi wa Alfama. Mtaa uliovumilia vita na tetemeko unasumbuliwa leo na utalii. Nyumba za wazee na wavuvi zimegeuzwa vyumba vya wageni wa siku 3, kodi zimepanda, na familia nyingi zimehama. Mwaka 2018 halmashauri ya mji ilisimamisha vibali vipya vya nyumba za wageni katika Alfama, Mouraria, Bairro Alto na Madragoa. Hatua hiyo ilikuja wakati wengi wameshafungasha.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye barua, jibu langu ni hili. Jengo la zamani ni stakabadhi: linaonyesha nani alilipa na nani alipokea, na ndiyo maana Kilwa haina budi kuijua monstransi ile. Jengo la zamani pia ni elimu ya ujenzi, iliyonunuliwa kwa roho za watu, na anayeibomoa kabla ya kuielewa huenda akainunua mara ya pili. Lakini umesema kweli katika jambo moja. Mtaa ukihifadhiwa kuta na kufukuzwa watu, kilichohifadhiwa ni picha ya kadi ya posta. Kazi ya halmashauri yoyote ni kuvishika vyote viwili, ukuta na mwenye nyumba, na Lisbon imechelewa kulijua hilo la pili.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.