Mikate ya Napoli yenye nyama na mayai ndani: jinsi ya kuioka nyumbani

Napoli, mji mkubwa wa bandari kusini mwa Italia, una maduka mengi ya vitafunio vya moto, na humo hukosi panino napoletano. Maana ya jina hilo ni mkate mdogo wa Napoli, lakini huu si mkate mtupu. Ndani yake mna vipande vya nyama iliyokaushwa kwa chumvi, jibini na yai la kuchemsha, vyote vimeviringishwa kwenye donge la unga kabla ya kuokwa. Mtu hununua mmoja, akaula huku anatembea, na njaa ya mchana imekwisha.

Mwenzetu mmoja alirudi kutoka huko akiwa bado anautamani, nasi tukaupika. Tunaueleza hapa kwa sababu unajibu swali la kila nyumba: nyama kidogo itawatoshaje watu wengi? Wanapoli huweka humo ncha za salami na masalio ya jibini, vitu ambavyo peke yake havitoshi kupelekwa mezani. Robo kilo ya nyama, ambayo kwenye mchuzi ingegombewa na watu wanne, hapa inaingia kwenye mikate 12.

Tuanze na mafuta. Wenyeji hutumia mafuta ya nguruwe, ambayo kwao huitwa sugna. Mafuta huzipaka chembe za unga, na mkate hauwi mgumu wa kuvutika kama mpira. Nyumba isiyokula nguruwe itumie siagi, samli au mafuta ya kupikia yaliyoganda. Ladha itabadilika, lakini ulaini utabaki.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, weka robo lita ya maji ya vuguvugu, vijiko viwili vya chai vya hamira kavu, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, na vijiko vitano vya chakula vya mafuta. Ongeza pilipili manga ya kusaga, wala usiionee huruma. Bila hiyo mkate huu hauna Napoli yoyote. Kanda dakika 10 hadi 15, funika, uache uumuke mpaka donge liwe kubwa mara mbili. Kwenye joto la pwani saa moja na nusu inatosha. Nyanda za juu, penye baridi, subiri hata saa tatu. Angalia donge, si saa.

Sasa ndani. Nyama yoyote iliyoiva inafaa: ya kuchoma iliyobaki jana na kuhifadhiwa vizuri, au ya kusaga iliyokaangwa. Sharti iwe kavu na imepoa. Nyama yenye mchuzi hutoa mvuke ndani ya mkate, na unga unaoizunguka hubaki mbichi hata kama nje umekuwa wa kahawia. Jibini ni ghali, na vijijini haipatikani kirahisi. Vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka vinaziba pengo lake vizuri. Mayai mawili ya kuchemsha, yakikatwa vipande, yanatosha.

Sukuma donge kama chapati kubwa ya pembe nne, unene wa nusu sentimita. Tawanya vitu vyako, viringisha kama mkeka, kisha kata vipande 12. Viache viumuke tena nusu saa au zaidi. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na mkate hutoka mzito kama jiwe.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 25 hadi 30. Mwenye jiko la mkaa atumie sufuria nzito iliyopakwa mafuta: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama keki. Dakika 20 zikipita, funua na utazame. Moto wa chini ukizidi, vitako vya mikate vitaungua kabla juu hakujaiva.

Mikate hii ni mitamu zaidi ikiwa vuguvugu. Lakini kwa kuwa ina nyama na mayai, usiiache nje kwenye joto kutwa nzima. Asiye na friji aoke inayoliwa siku hiyohiyo, na mtoto anayebeba mmoja kwenda shule aule mapumziko ya asubuhi, si jioni akirudi.