Barua ya Mwalimu Mkuu

Umewahi kumsikia mzazi akisema, "Huyu mwanangu hana akili, shuleni anapoteza muda tu"? Neno kama hilo linaweza kumrudisha mtoto nyuma. Mwalimu mmoja alisaidia kulichunguza jambo hili.

Mwalimu huyo ni Bibi Lenore Jacobson wa Marekani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mji wa South San Francisco. Mwaka 1963 alisoma habari iliyoandikwa na Dakta Robert Rosenthal wa Chuo Kikuu cha Harvard. Dakta huyo alikuwa mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu.

Dakta aliwapa wanafunzi panya wa kufundisha kutafuta njia. Wengine waliambiwa, "Panya wenu ni hodari." Wengine waliambiwa, "Wenu ni wazito." Kumbe panya wote walikuwa sawa! Lakini wale walioitwa hodari walijifunza vizuri zaidi.

Je, watoto nao? Bibi Jacobson alimwandikia Dakta barua, akajitolea kumsaidia.

Mwaka 1964 walianza kazi shuleni kwake. Watoto walipewa mtihani wa akili. Kisha walimu walipewa majina ya watoto wachache, kama mmoja katika kila watano. Wakaambiwa, "Hawa wataendelea sana." Kumbe majina hayo yalichaguliwa kwa kura tu.

Mwaka uliofuata mtihani ulirudiwa. Katika darasa la kwanza na la pili, watoto waliotajwa walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Madarasa ya juu tofauti haikuonekana wazi. Mwaka 1968 wawili hao walitoa kitabu. Wataalamu wengine walibisha. Walisema jambo hili lipo, ila nguvu yake si kubwa hivyo.

Linafanyaje kazi? Mwalimu akimwamini mtoto, humchangamkia. Humfundisha zaidi, humngoja ajibu, na humwonyesha kosa lake. Asiyeaminiwa hupitwa. Naye hukaa na wasiwasi, hata mkono hanyoshi.

Sisi watu wazima tunalijua hili. Wengi wetu tuliambiwa, "Wewe umeshazeeka, kusoma utaweza wapi?" Leo tunasoma gazeti hili. Basi neno tulilolikataa sisi, tusimwambie mtoto.