Moshi wa leo, deni la uzeeni

Gharama ya moshi wa magari, jenereta na viwanda haiishii kwenye bei ya mafuta. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliuingiza uchafuzi wa hewa katika orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Chembe zake ndogo huvutwa mapafuni, zikaingia kwenye damu na kudhuru mishipa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 maradhi hayo yaliugharimu ulimwengu dola za Marekani trilioni 1.3. Karibu nusu ilitokana na uuguzi wa jamaa na marafiki, wastani wa saa 5 kwa siku. Kwa mfanyabiashara, hizo ni saa 5 za duka kufungwa.

Anayewasha jenereta mlangoni aliweke hilo kwenye hesabu.