Taarab kwa Msikilizaji Asiyeamini Kirahisi

Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipofariki dunia tarehe 17 Aprili 2013, vyombo vya habari havikupatana juu ya umri wake. Wapo walioandika kwamba alikuwa amevuka miaka 100 kidogo tu, na wapo waliompandisha hadi zaidi ya 110. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuwahi kujulikana kwa uhakika, na kila alipozunguka na muziki wake umri ulitangulia kwenye matangazo.

Mtu mwenye tabia ya kuuliza "umejuaje?" angeweza kukereka na kuuweka umaarufu wote wa bibi huyo kwenye kapu la hadithi za kuuzia tiketi. Angejinyima bure. Waliomwona akipiga ngoma ya msondo na kutoa ile sauti nzito, yenye mikwaruzo, hawakuhitaji cheti cha kuzaliwa ili kujua wanasikia kitu kikubwa. Miaka yake waliambiwa, lakini sauti waliisikia wenyewe. Anayejua kuyatenganisha mawili hayo ndiye anayefaidi zaidi jioni ya muziki na mashairi, na Zanzibar ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chukua asili yenyewe ya taarab. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888: alileta wanamuziki kutoka Misri, kisha akampeleka Mzanzibari mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni huko Cairo. Kinapendeza, na kinamweka mfalme katikati ya kila kitu. Ukivuka kwenda Mombasa au Lamu utakutana na watu wasiokubali kwamba muziki wao ulisubiri safari ya mtu wa Barghash. Kwao mashairi yaliimbwa harusini katika ngoma ya gungu, na kibangala, ala ya nyuzi iliyo jamaa na udi, kilijulikana zamani. Watafiti nao hawajaufunga mjadala. Msikilizaji aliyekaa kitini ana ushahidi wake wa aina nyingine: fidla zinazokwenda pamoja kama za okestra za Misri, mdundo unaokumbusha kidumbaki cha mtaani, na maneno ya Kiswahili yaliyopimwa kwa vina na mizani. Mchanganyiko huo haukutoka kwenye jahazi moja.

Kwa mwimbaji Siti binti Saad hali ni tofauti kidogo, kwa sababu santuri zipo. Alizaliwa Fumba, akaishi mjini kwa sauti yake, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nyimbo zake zilibeba mambo ya mahakamani na mitaani. Ule wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja, na kesi ambayo mashahidi ndio walioadhibiwa huku mtuhumiwa akikimbia. Huyo alikuwa mwimbaji aliyeishuku serikali hadharani, kwa shairi, wakati wa ukoloni. Anayedhani taarab ni muziki wa mapenzi na mapambo peke yake aanzie hapo.

Sasa, jukwaani. Fika mapema, kabla mwimbaji hajatokea, kwa sababu vikundi vya mtindo wa zamani kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, vina desturi ya kufungua kwa bashraf. Ni kipande cha ala tupu, hakina maneno, na ndiyo maana kinafaa kwa mtu wa shaka: hakuna ubeti mtamu wa kumfichia mpigaji asiyejiandaa. Isikilize kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji anabadilisha vijikono vidogo vya chuma pembeni mwa nyuzi ili apate sauti iliyo katikati ya noti mbili za kinanda cha kawaida. Akodiani ya kawaida haina uwezo huo, kwa kuwa noti zake zimefungwa. Basi ala hizo mbili zinapokaa jukwaa moja, sikiliza nani anamfuata nani. Hapo mtu anaweza kupata majibu yake mwenyewe kuhusu neno "asilia" linaloandikwa kwenye mabango, bila kumtegemea mtangazaji.

Swali la "laivu" nalo ni halali. Kizazi kizima cha wapenzi wa muziki kimezoea wasanii wanaopanda jukwaani na CD, wakainua maikrofoni na kuachia kifaa kiimbe. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kufanya Ngome Kongwe kuwa uwanja wake mkuu, lilijijengea jina kwa kushikilia kwamba muziki upigwe moja kwa moja jukwaani. Uamuzi huo ulistahili kupongezwa. Kutambua hakuhitaji utaalamu: sikiliza pumzi kati ya mishororo, tazama kama wapiga ala wanatazamana wimbo unapokaribia kugeuka, na subiri kosa dogo. Bendi inayopiga kweli hukosea mahali, kisha hurekebisha mbele ya macho yako, na kuiona ikirekebisha ni sehemu ya raha.

Hakuna kinachostahili kutazamwa kwa makini kama kutunza. Mwimbaji wa taarab ya zamani hana mbwembwe; husimama au hukaa, uso umetulia. Wimbo unafika mahali, na mama mmoja anainuka kutoka safu za nyuma, noti ameikunja kwa urefu katikati ya vidole viwili. Hana haraka. Anakuja akicheza kwa mabega, anazunguka kidogo mbele ya jukwaa, anamkabidhi mwimbaji, anarudi kitini. Mgeni ataona ni zawadi kwa sauti nzuri, na huenda ndivyo. Lakini angalia ni mshororo gani uliokuwa ukiimbwa alipoinuka, na macho yake yalipita wapi njiani. Kutunza kwenye mstari wa kijembe ni kuutwaa uwe maneno yako, na aliyeguswa anaweza kuinuka na noti yake katika ubeti unaofuata. Mtunzi wa shairi, ambaye pengine yuko nyumbani kwake amelala, hana habari na ugomvi huo. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kuchapisha kitabu mwaka 2002, alieleza kwa kina jinsi hadhira inavyotumia kutunza kupelekeana ujumbe ambao wasingetamkiana. Hapa shaka ikate pande zote mbili: wapo wanaotunza kwa sababu wimbo umewakumbusha marehemu mama yao, basi.

Kwa hiyo usiku wa taarab ni usiku wa ushairi pia, na tahadhari ileile inafaa kwenye majukwaa mapya ya mashairi ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako vijana hughani bila ala au na gitaa moja. Wazee wengi huuliza kama yale ni mashairi. Swali lina historia. Amri Abedi aliweka kanuni za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ikiwa na mashairi yasiyofuata vina, ugomvi ukalipuka na haujaisha. Msikilizaji hana haja ya kuchagua kambi. Ahesabu mizani kwa vidole, minane na minane, pale mshairi anapodai kufuata mapokeo. Na pale asipodai, ajiulize maneno gani yamebaki kichwani baada ya makofi kwisha. Wapo wanaoghani kwa sauti ya kutetemesha ukumbi na kesho yake hakuna anayekumbuka hata wazo moja. Wapo pia wanaosoma chini chini, na mtu akarudi nalo nyumbani.

Jambo moja lisilotiliwa shaka vya kutosha ni imani kwamba muziki huu utakuwapo tu. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002 na kufundisha udi, kanuni na fidla kwa vijana wengi wanaosikika leo katika majukwaa ya Mji Mkongwe, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Anayekwenda kusikiliza aulize bei ya kiingilio, aulize ni sehemu gani inawafikia wapigaji, na aulize jina la mtunzi wa shairi lililomgusa, kwa kuwa mara nyingi hutajwa mwimbaji peke yake. Majibu yakiridhisha, alipe.