Je, Wajua? Juisi Nzito ya Asubuhi Nyanda za Juu Kusini

Je, wajua kwamba mkoa wenye udumavu mkubwa kuliko yote nchini Tanzania ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, na bilauri moja ya juisi haitauondoa. Hata hivyo inauma kuona familia ikifungua siku kwa chai ya rangi na andazi ilhali maparachichi, karoti na karakara vimejaa sokoni Mwanjelwa jijini Mbeya na katika soko kuu la Iringa.

Je, wajua kwamba karoti peke yake hukunyima sehemu kubwa ya faida yake? Kile kinachoipa rangi ya chungwa, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Bila mafuta kidogo, kingi hupita tumboni bila kufyonzwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwapa watu karoti mbichi, mara bila parachichi, mara pamoja na parachichi. Lilipokuwepo parachichi, vitamini A iliyotengenezwa mwilini iliongezeka zaidi ya mara 12. Utafiti huo ulifadhiliwa na bodi ya biashara ya parachichi, na msomaji ana haki ya kulijua hilo, ila kanuni yenyewe ya vitamini A na mafuta imethibitishwa siku nyingi. Kwa hiyo mchanganyiko bora kwa mtu wa Rungwe au Mufindi ni huu: nusu parachichi, karoti moja iliyokunwa, karakara mbili na kipande cha tangawizi, usage kwa maji yaliyochemshwa. Barafu ya nini Juni, baridi ya Mbeya ikiuma? Tumia maji ya uvuguvugu.

Parachichi la Hass halilainiki likiwa mtini. Hukomaa tu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, maana ndizi hutoa gesi inayoharakisha uivaji. Na miti yote ya Hass duniani, pamoja na ile ya Njombe na Tukuyu, inatokana na mti mmoja wa tarishi wa California, Rudolph Hass, aliyeusajili mwaka 1935.

Ndizi nayo ina siri yake. Kyela inalima kakao na ndizi, na unga wa kakao ndani ya juisi ya ndizi ni mtamu kweli. Lakini utafiti wa mwaka 2023 uligundua kuwa kimeng'enya kilicho kwenye ndizi, kilekile kinachoifanya iwe nyeusi ikimenywa, huharibu flavanoli, yaani viini vya kakao vinavyosaidia mishipa ya damu. Kiasi kilichoingia kwenye damu kilipungua kwa asilimia 84. Ndizi bado ni chakula kizuri. Kama unataka faida hiyo ya kakao, iweke kwenye juisi isiyo na ndizi.

Ukitia mchicha kwenye juisi, uchemshe kidogo kwanza na kumwaga maji, ili upunguze oksalati zinazozuia madini. Kamulia ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga. Chai, hata ile nzuri ya Mufindi, huyazuia. Inywe kama saa moja hivi baada ya juisi. Papai lililosagwa na maziwa linywewe papo hapo, maana likikaa huwa chungu.

Je, wajua kwamba blenda ilibuniwa kwa ajili ya kinywaji cha kimea? Mwaka 1922 Stephen Poplawski wa Racine, Marekani, aliweka kisu kinachozunguka chini ya chombo ili achanganye maziwa na kimea. Mama wa Iringa hakuhitaji mashine hiyo. Kimea chake cha ulezi huvunja wanga wa uji mzito wa mahindi, uji ukawa mwepesi na mtamu, kisha ukachacha kuwa togwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa vimelea vya kuharisha vilipungua kwa watoto wa Kitanzania waliokunywa togwa kila siku. Ninaamini hicho ndicho kinywaji cha asubuhi kinachostahili heshima kuliko vyote katika ukanda huu.

Asiye na umeme aponde parachichi kwa uma, akune karoti laini, avuruge kwa togwa. Sukari usiongeze. Na asali, hata iwe safi namna gani, usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvidhibiti.