Lugha ya Kusomea Grafu Zisizo na Tarakimu

Grafu isiyo na tarakimu huonyesha uhusiano wa vitu viwili bila kutaja kipimo cha chochote. Kwa kuwa hakuna namba ya kusoma, mwanafunzi hana budi kuieleza kwa maneno. Na hapo ndipo suala la hesabu linapogeuka kuwa suala la lugha.

Mfano mzuri wapatikana katika barabara itokayo Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes na Chuka, ambayo hukata mabonde ya mito ishukayo kutoka Mlima Kenya. Lichukuliwe lori lililosheheni, likiteremka hadi daraja la Mto Nithi bila kufungwa breki, kisha likipanda ng'ambo ya pili. Muda umewekwa kwenye mhimili mlalo, na kasi kwenye mhimili wima. Lori linapoteremka, mstari huenda juu. Linapopanda, mstari hurudi chini. Mwanafunzi auonaye mstari kuwa picha ya njia hudhani kwamba lori lilianza kwa kupanda mlima. Kosa hili, ambalo Claude Janvier alilichunguza huko Nottingham katika miaka ya 1970, si la wanafunzi wa nchi moja tu.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Kitenzi "kupanda" hutumika kwa mlima, kwa bei na kwa kasi. Yafaa basi kiwekwe kando mwanzoni, na mahali pake patumike "kuongezeka" na "kupungua", vitenzi vinavyomlazimisha msemaji kutaja kiima: ni nini kinachoongezeka? Jawabu ni kasi, wala si barabara.

Hatua ya pili ni muundo wa "kadiri": "Kadiri lori linavyokaribia daraja, ndivyo kasi inavyoongezeka." Kama grafu yenyewe, sentensi hii yaeleza mwelekeo bila kutaja kiasi. Hata hivyo haitoshi, kwani mstari ulionyooka na mstari uliopinda yote miwili huafikiana nayo. Hapana budi kuongeza kielezi: "kwa kiwango kilekile", "kwa haraka zaidi" au "polepole zaidi".

Mwaka 2022 basi lilitumbukia bondeni kwenye daraja hilo la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mahali pa hatari ni pale mstari wa kasi ulipofika juu kabisa. Aliyeufanya kilima ataona hapo gari linalojikongoja.